Barua ya Hila Iliyotupatia Mbuga

Jumamosi moja alfajiri, msomaji mpenzi, nilijipata nimeketi ndani ya basi dogo mbele ya lango la Mbuga ya Taifa ya Nairobi, pale Barabara ya Lang'ata, pamoja na watu wengine kumi na mmoja waliokuja kutazama ndege. Wengi wetu tulikuwa wakazi wa jiji hili hili. Kijana aliyetuongoza alikuwa na darubini kifuani na kitabu kinene cha ndege ambacho hakukifungua hata mara moja, kwa kuwa yote yaliyomo alikuwa nayo kichwani. Aliwatambua ndege kwa milio yao kabla sisi hatujawaona. Ilipotimu saa mbili, alikuwa ameshatuonyesha ndege karani akitembea kwa madaha katika nyasi akiwinda nyoka, mbuni, tandawala, korongo wenye taji, na tai wawili waliokuwa wakisubiri hewa ipate joto ili wapae.

Lakini walionishangaza zaidi ni kwera. Madume weusi wenye mikia mirefu walikuwa wakiruka wima kutoka katika nyasi na kushuka tena, juu na chini, juu na chini, kama mipira inayodundishwa na watoto wasioonekana. Kiongozi wetu alieleza kwamba kila dume hukanyaga nyasi akajitengenezea kiduara chake cha kuchezea ngoma ili kuwavutia majike. Kwera hao wana jina la Frederick Jackson, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa bingwa wa elimu ya ndege na ambaye baadaye aliitawala Uganda kama gavana.

Hapo ndipo binti mmoja, mwanafunzi wa shule ya upili, alipouliza ni nani aliyewaza kuacha nyika ya simba na vifaru ubavuni mwa jiji kuu. Kijana wetu, aliyekuwa ametaja makumi ya ndege bila kusita, alikwama. Mwishowe alijibu kwamba ni serikali. Jibu hilo si la uongo, ila limepungukiwa na mtu. Na kwa kuwa nafasi hii ninayopewa ukurasani haina kazi bora kuliko kuwakumbusha watu mambo yanayosahaulika, nitamsimulia mtu huyo leo, kwa mema yake na kwa mabaya yake.

Jina lake ni Mervyn Cowie. Alizaliwa papa hapa Nairobi mwaka 1909, wakati mji ulikuwa na umri wa miaka kumi tu tangu reli ilipofika kwenye kinamasi hiki mwaka 1899. Mwaka huo wa 1909 una mambo yake. Ndio mwaka ambapo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika na msafara mkubwa wa wapagazi, na yeye na mwanawe wakaua wanyama zaidi ya mia tano kabla ya kurejea kwao. Ndio mwaka pia ambapo chama cha wapenzi wa mimea na wanyama wa Afrika Mashariki kiliundwa mjini humu, chama ambacho leo wajukuu wake wa kifikra huongoza matembezi ya kutazama ndege. Bunduki na darubini, kwa hivyo, zilizaliwa upya nchini mwaka mmoja na mtoto Cowie.

Alilelewa nje kidogo ya mji, mahali ambapo simba kunguruma usiku halikuwa jambo la kusimuliana asubuhi. Alipopelekwa Uingereza kusoma, alipitia Chuo Kikuu cha Oxford na kisha akafuzu uhasibu. Aliporejea mwaka 1932 alikuta uwanda aliouacha ukijaa pundamila na kongoni umepungukiwa sana. Mashamba ya walowezi yalikuwa yamepanuka, waya za seng'enge zimetandazwa, na mnyama yeyote aliyeruka waya alihesabiwa kuwa mharibifu wa mazao au msambazaji wa maradhi ya ng'ombe. Mimi huamini kwamba ni jicho la mhasibu lililomwuma. Mtu aliyefunzwa kulinganisha kilichokuwapo na kilichobaki hawezi kuambiwa kwamba daftari iko sawa wakati anaona haiko sawa.

Yapo maeneo ya akiba ya wanyama yaliyokuwa yametengwa tangu mwanzo wa ukoloni, likiwemo lile la kusini lililofika hadi karibu na Nairobi. Lakini akiba hizo zilikuwa za karatasi. Zilizuia uwindaji tu, tena kwa wanaokamatwa, na serikali ingeweza kuzifuta wakati wowote ikihitaji ardhi. Cowie alitaka kitu kingine: ardhi iliyotengwa kwa sheria, isiyoweza kuondolewa kwa kalamu ya ofisa mmoja, kama mbuga ya Kruger iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1926. Alikuwa na hoja mkononi pia, kwani mwaka 1933 mataifa yaliyotawala Afrika yalikutana London yakakubaliana kuanzisha mbuga za taifa katika makoloni yao. Kukubaliana ni jambo moja. Serikali ya koloni ilisinzia.

Cowie alianza kwa njia ya vitendo. Aliwazoea simba wa uwanda wa Nairobi, akawawekea nyama mahali mamoja ili wasiogope magari, kisha akawa anawachukua wageni na wakubwa wa serikali kwenda kuwaona kwa karibu bila bunduki. Ukitafakari, utaona kwamba hapo ndipo palipozaliwa safari ya watalii tunayoijua leo: gari, kiongozi anayejua mnyama yuko wapi, na abiria waliokuja kutazama badala ya kuua. Kabla ya hapo neno safari, neno letu la Kiswahili, lilikuwa limekwisha kutekwa na wawindaji likawa na harufu ya baruti.

Wakubwa walifurahia simba, wakarudi ofisini, na mambo yakabaki vilevile. Basi mwishoni mwa miaka ya 1930 Cowie alifanya jambo ambalo hadi leo huwafanya watu watabasamu. Aliliandikia gazeti la East African Standard barua, akaficha jina lake na kujiita mlowezi wa siku nyingi, na katika barua hiyo akapendekeza wanyama wote wa porini wauawe, wasibakizwe, ili nchi ibaki kwa kilimo na mifugo. Alijua alichokuwa akitafuta. Ghadhabu ililipuka. Barua zikamiminika gazetini, watu wakapiga kelele, mikutano ikafanyika, na waliokuwa kimya miaka yote wakagundua kwamba kumbe waliwapenda wanyama. Serikali ikalazimika kuunda kamati ya kuchunguza suala la mbuga, na Cowie mwenyewe akawa miongoni mwa wajumbe.

Vita vya Pili vya Dunia vilikatiza kazi hiyo. Uwanda wa Nairobi ukawa mahali pa mazoezi ya jeshi, mizinga ikilia palepale tulipokuwa tukiwatazama kwera. Vita vilipokwisha sheria ya mbuga ilipitishwa mwaka 1945, na tarehe 16 Disemba 1946 Mbuga ya Nairobi ikatangazwa rasmi, ya kwanza nchini, kilomita mraba 117. Cowie akawa mkurugenzi wa kwanza. Tsavo ilifuata mwaka 1948, kubwa kiasi kwamba ilizidi kilomita mraba elfu ishirini, kisha Mlima Kenya mwaka 1949 na Aberdare mwaka 1950. Ndani ya miaka minne, mhasibu mmoja alikuwa amesimamia kuzaliwa kwa sehemu kubwa ya urithi tunaojivunia mbele ya mataifa. Si haba.

Hadi hapa hadithi inapendeza, na wengi huikomesha hapa. Mimi siwezi. Hebu tuirudie ile barua ya hila. Ilichapishwa katika gazeti la nani, na ni nani walioghadhabika? Walikuwa walowezi wakibishana na walowezi, kwa Kiingereza, kuhusu ardhi ambayo haikuwa tupu. Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944, mwaka mmoja tu kabla ya sheria ya mbuga kupitishwa. Sauti moja. Wamaasai walioishi na wanyama hao kwa vizazi, na ambao kwa hakika ndio sababu wanyama walikuwa bado hai ng'ambo ya Mto Mbagathi, hawakuandikiwa barua yoyote, ya hila wala ya kweli. Wafugaji wa Kisomali waliokuwa na makazi na mifugo yao katika uwanda wa Nairobi waliondolewa ili mbuga ipate nafasi. Katika fikra za Cowie, mbuga halisi ilikuwa mahali pasipo na binadamu isipokuwa mlinzi na mtazamaji.

Fikra hiyo ilipofika Tsavo ilikutana na Waata. Hawa walikuwa wawindaji wa tembo tangu enzi na enzi, watu wachache wa nyika kavu kati ya Mto Galana na pwani, waliotumia pinde kubwa mno ambazo mwanamume wa kawaida hawezi kuzivuta, na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Kwao tembo alikuwa chakula, mahari, heshima na elimu. Walijua njia zake na visima vyake kuliko mtaalamu yeyote aliyekuja baadaye na shahada. Mwaka 1948 ramani ilichorwa, na asubuhi yake wawindaji hao wakaamka wakiwa majangili. Hawakuhama tabia wala mahali. Sheria ndiyo iliyohama.

Katika miaka ya 1956 na 1957 ilifanywa kampeni kali dhidi ya uwindaji Tsavo, chini ya David Sheldrick na wenzake, na Waata pamoja na Wakamba na wengineo wakatiwa mbaroni kwa mamia. Yafaa niseme kwa haki kwamba pembe zilizokuwa zikitoka Tsavo hazikuishia nyumbani kwa Mwaata. Zilikuwa na wanunuzi, na wanunuzi hao walikuwa na njia za kufikisha mali pwani. Tembo walikuwa wakifa kwa wingi. Lakini aliyelala jela ni mwenye upinde. Baadhi ya wale waliowakamata walitambua uonevu huo wenyewe, na mwaka 1960 mpango ulianzishwa katika eneo la Galana, mashariki mwa mbuga, wa kuwaruhusu Waata kuvuna idadi fulani ya tembo kihalali na kufaidika. Mpango haukudumu miaka mingi. Waata wakabaki vibarua pembezoni mwa nchi waliyoijua kwa unyayo.

Huko Aberdare mambo yalichukua sura nyingine. Mbuga iliyotangazwa mwaka 1950 iligeuka kuwa uwanja wa vita vya Mau Mau miaka miwili tu baadaye. Februari mwaka 1952 Binti Mfalme Elizabeth alilala Treetops, ile hoteli ya juu ya mti, akiwatazama tembo na vifaru wakinywa maji, na usiku huo babake akafariki, naye akawa malkia. Mwaka 1954 wapiganaji wa msituni waliiteketeza Treetops. Sijui kama kuna mahali pengine katika historia yetu ambapo mti mmoja ulibeba mambo mawili mazito namna hiyo. Cowie naye, wakati wa hali ya hatari, alipewa na serikali ya kikoloni wadhifa wa kusimamia nguvukazi, yaani kuwapanga watu kwa ajili ya vita hivyo. Huo ndio ukweli, na wanaomsifu aghalabu huuruka. Mtu aliyewatetea nyumbu wasitimuliwe kwenye malisho yao aliitumikia serikali iliyowatimua watu katika yao.

Ulimwengu, hata hivyo, ulimjua kwa njia tamu zaidi. Mwaka 1951 sinema iliyotokana na maisha yake, Where No Vultures Fly, ilionyeshwa London, hadithi ya mlinzi jasiri wa wanyama na familia yake, na mwaka 1961 akaandika kitabu chake, Fly, Vulture. Watazamaji wa Ulaya waliipenda nchi ile ya kwenye sinema. Wengi walinunua tiketi za ndege wakaja kuiona, na Cowie alikuwa miongoni mwa waliojitahidi kuitangaza Afrika Mashariki kwa watalii baada ya vita. Alifahamu mapema kwamba simba asiyeingiza shilingi hatadumu. Hapo mhasibu hakukosea.

Jambo moja naona halitajwi vya kutosha. Cowie alikuwa mtu wa simba. Ndege walikuja katika mbuga zake kama wageni wasioalikwa, wakajaa. Mtu akilinda nyasi kwa ajili ya nyumbu, kwera hupata mahali pa kuchezea ngoma yake. Akilinda mto kwa ajili ya kiboko, kulasitara hupata samaki. Katika eneo lile dogo la Nairobi peke yake zimehesabiwa aina zaidi ya mia nne za ndege, idadi inayowashinda Waingereza kuipata kwa urahisi katika kisiwa chao chote. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960, siku za mwisho za ukurugenzi wake, sehemu ya Ziwa Nakuru ilitengwa kwa ajili ya ndege, kwa sababu ya wale heroe waliolifanya ziwa kuwa la waridi. Ikawa mbuga kamili mwaka 1968.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 wengi walitabiri kwamba Mwafrika angezila mbuga. Cowie alibaki kazini hadi mwaka 1966, akamwachia Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kuziongoza. Mbuga hazikuliwa. Ziliongezwa. Serikali ya Kenya huru ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977, jambo ambalo mkoloni hakulithubutu, na mwaka 1989 pembe za tembo, tani kumi na mbili, zikateketezwa ndani ya Mbuga ya Nairobi mbele ya macho ya dunia. Lakini pia hatukuigeuza ile fikra ya Cowie ya mbuga bila watu. Amboseli, ambayo mwaka 1961 ilikabidhiwa halmashauri ya Wamaasai wa Kajiado, ilichukuliwa tena ikafanywa mbuga ya taifa mwaka 1974. Tulibadilisha bendera langoni, lango tukaliacha.

Cowie mwenyewe baadaye alifanya kazi na madaktari wanaosafiri kwa ndege kuwatibu watu wa mashambani, na nafikiri miaka hiyo ilikuwa ya heri kwake. Alifariki mwaka 1996 huko Uingereza, mbali na mji aliozaliwa.

Kwa nini nimeyafukua haya? Kwa sababu uwanda ule unabanwa. Kaskazini kuna jiji na ua, na tangu mwaka 2019 treni ya reli mpya inapita juu ya mbuga kwenye daraja la kilomita sita hivi. Kusini, ambako hakuna ua, ndiko uhai wa mbuga uliko, kwa maana nyumbu na pundamila huvuka Mbagathi kwenda Kitengela mvua inaponyesha. Ardhi hiyo ya Kitengela ni ya watu, wengi wao Wamaasai, na inauzwa vipande vipande, nyumba zikiota na seng'enge zikifuata. Tangu mwaka 2000 umekuwapo mpango wa kuwalipa wenye mashamba ili waache ardhi wazi, na waliokubali wameifanyia mbuga hii hisani kubwa kuliko hotuba zote za mikutano. Kwa hiyo leo, tofauti na miaka ya 1930, mustakabali wa simba wa Nairobi haumo katika ukurasa wa barua wa gazeti la walowezi. Umo mikononi mwa mzee wa boma anayepigiwa simu na dalali. Tukimwendea kwa dharau ileile ya mwaka 1946, atauza, na atakuwa na haki ya kuuza.

Nami nasema wazi: Mervyn Cowie anastahili kujulikana na kila mtoto anayeingia katika mbuga ile. Bila ukaidi wake, leo ule uwanda ungekuwa mitaa ya ghorofa. Anastahili pia kusimuliwa pamoja na wale ambao hila yake haikuwauliza. Wanafunzi wetu wafundishwe jina la Mwaata kama wanavyofundishwa jina la mlinzi aliyemkamata, na waongozaji wetu wa safari, ambao wamekuwa mabingwa wanaoajiriwa kuwafuata ndege kutoka Nairobi hadi Serengeti na hadi misitu ya Uganda, wapewe historia hiyo kama walivyopewa elimu ya ndege.

Tulipofika pale zilipoteketezwa pembe, kijana wetu aliteremka akanyosha miguu. Orodha ya siku ile ilikuwa imefika ndege tisini na wawili. Nilimsimulia hadithi hii kwa ufupi, na binti yule aliyeuliza swali akasikiliza. Kijana alinipa daftari lake, akaniomba nimwandikie jina la Cowie asije akakosea herufi. Niliandika chini ya kwera na ndege karani, Mervyn Cowie, 1909 hadi 1996. Chini yake nikaongeza Wasomali wa uwanda wa Nairobi, Wamaasai wa Mbagathi, Waata wa Tsavo. Aliyasoma yote kwa makini, akauliza kama Waata wangalipo. Nikamwambia wapo, wako Kilifi, Tana River na pande za Galana. Alilifunga daftari, akatuomba turejee kwenye basi kwa kuwa muda wetu wa kuwa ndani ya mbuga ulikuwa unayoyoma.